Wiki Niliyoipangia Manispaa Kazi

Alhamisi, tarehe 6 Machi

Leo nimekabidhiwa mji. Si wote. Ule ulioko kwenye karatasi.

Asubuhi Mama Masijala, bosi wetu wa chumba cha mafaili, alivua miwani akanitazama, akaivaa akanitazama tena. Nadhani alitaka kuhakikisha ni mimi yule yule. Akasema karatasi ya Shughuli za Idara wiki hii nitaikusanya mimi, na wiki ijayo ataikusanya Kola. Mikataba yetu ya ukibarua inakwisha Ijumaa ya tarehe 14. Nafasi ya kudumu ni moja. Atakayemridhisha Mkurugenzi anabaki, mwingine anaaga.

Kola ni kibarua mwenzangu. Ana jina alilopewa na wazazi wake, lakini kola ya shati lake imepigwa pasi mpaka inafika kazini kabla yake, basi namwita hivyo. Kamaliza kidato cha nne, na hata ukimuuliza saa anakujibu kama mtu aliyemaliza kidato cha nne. Mimi kidato cha pili nilikiacha mwenyewe. Tulikuwa hatuelewani.

Nikikosa nafasi narudi kuziba matairi kwa shemeji, mume wa dada. Shemeji ni mtu mzuri sana akiwa amelala. Isitoshe, Shangazi, ninayeishi kwake, ndiye aliyemwomba Mama Masijala anichukue. Alimwambia mbele yangu kwamba akili ninazo, ila zimekaa vibaya. Kwa hiyo hapa pana heshima ya Shangazi, pana mikono yangu kutonuka mpira, na pana Kola kutiwa adabu. Mambo matatu kwa karatasi moja.

Karatasi yenyewe iko hivi. Kila Alhamisi unazunguka idara kuuliza wiki ijayo watafanya nini. Ijumaa inachapwa, inapigwa muhuri, inabandikwa getini, sokoni na stendi. Jumamosi gari la matangazo linaisoma mitaani. Watu wa mji huu wanaifuata kama maagizo ya daktari. Ikisema taka zinazolewa Jumanne, Jumanne alfajiri mapipa yako nje yamejipanga.

Nimezunguka. Jua lote limeniishia kichwani. Bwana Afya, mkuu wa idara ya afya, alikuwa anachovya mkate kwenye chai. Akasema, kama kawaida. Mkuu wa Zimamoto alikuwa amejilaza kwenye benchi kando ya gari lake jekundu. Akasema bila kufumbua macho, kama kawaida. Bwana Bustani akasema kama kawaida, na nitoke kwenye nyasi zake. Msimamizi wa mitaro, mzee tunayemwita Mzee Koleo maana koleo halimtoki mkononi, alikuwa ndani ya mtaro. Niliona kofia tu. Kofia ikasema kama kawaida, kijana, na nisogee nisimzibie mwanga.

Nikamuuliza Kola yeye huwa anaandikaje. Akasema anaandika walichosema. Yaani idara nne, mistari minne, "kama kawaida" mara nne! Huyo ni karani au kasuku?

Mimi nitawaandikia kazi. Kazi hasa, zenye siku na saa. Mkurugenzi atajua kuna mtu masijala.

Ijumaa, tarehe 7 Machi

Nimechapa. Kwa vidole viwili, lakini vidole vyenye maono.

Jumatatu: Idara ya Afya itapulizia dawa ya mbu nyumba zote za mtaa wa mafundi cherehani. Ni mtaa wetu. Mbu wa kwetu wamenizoea mpaka hawapigi tena kelele, wanakaa tu kula.

Jumanne: Zimamoto watawaonyesha wanafunzi wa shule ya msingi namna ya kuzima moto, saa nne kamili. Hilo "kamili" nimeliongeza kwa ajili ya uzuri.

Jumatano: Mitaro itazibuliwa kuanzia kilimani, nyuma ya nyumba yenye geti la bluu. Geti la bluu ni kwao Kola. Kila asubuhi anatoka pale akimeremeta kama kijiko kipya. Jumatano atatoka akirukaruka tope.

Alhamisi: Bustani watapaka rangi mabenchi yote ya ufukweni.

Mama Masijala alikuwa anahangaika na faili lililopotea tangu juzi. (Nimelikalia mimi. Kiti changu ni kifupi.) Akasoma mstari wa kwanza, akasema kumbe ukitulia unaweza, akagonga muhuri. Ule mlio ulinipitia mpaka kisigino.

Kola akaisoma yote. Akaniuliza, kwa upole ule wa kuudhi, kama kweli wakuu wa idara ndivyo walivyosema. Nikamwambia wengine tunajua kuuliza. Akanyoosha kola yake. Alikuwa amepigwa, naye anajua.

Jumamosi, tarehe 8 Machi

Msomaji wa gari la matangazo kapatwa na kikohozi. Dereva akaniuliza kama najua kusoma. Nikamwambia ninachosoma nimeandika mwenyewe.

Jamani, sauti yangu ikipita kwenye spika! Kinyozi aliacha kichwa cha mtu nusu. Sokoni walinitaka nirudie. Tulipoingia mtaa wetu Shangazi alitoka na utepe wa kupimia shingoni, pini mdomoni, akawa anamwonyesha jirani kwa kidole. Baadaye nimeambiwa alisema, huyo anayesoma ni mtoto wa kaka yangu, na hayo anayosoma yametoka kichwani mwake. Hapo Shangazi alisema kweli kuliko alivyojua.

Jioni nimepata kipande kikubwa cha samaki. Kile ambacho siku zote ni cha shemeji akija.

Jumatatu, tarehe 10 Machi

Saa moja asubuhi mtaa wetu ulikuwa nje. Vitanda, magodoro, vyerehani, kabati la bibi mmoja ambalo lilikuwa halijaona jua tangu aolewe. Watu wamekaa juu ya vitu vyao wakisubiri dawa. Saa mbili, hakuna mtu. Saa tatu, akina mama wakajifunga vitenge vizuri wakaenda ofisi ya afya kumtafuta Bwana Afya.

Mimi nilikuwapo kwa kuwa nilimpelekea barua. Walimkuta na mkate uko nusu njia kuelekea kwenye chai. Wakamwambia magodoro yako nje na mawingu yako juu, je anakuja au wamfuate na magodoro. Bwana Afya akafungua kinywa kusema hajui lolote. Simu ikalia. Mkurugenzi. Anampongeza kwa mpango mzuri, anasema miaka mingi alikuwa akiungoja.

Mtu akishapongezwa atakanaje? Bwana Afya akasema asante sana, tumejipanga. Mkate ukaanguka kwenye chai wote.

Wapuliziaji wake ni wawili tu, na pampu ziko nne. Moja akaivaa yeye, na tumbo lile, mikanda haikufika. Nyingine nikavalishwa mimi. Tukapulizia mpaka alasiri. Aliponikuta peke yangu nyuma ya choo cha jirani akaniambia, "Kijana, miaka ishirini ya kazi hakuna aliyenipangia siku. Nitakukumbuka."

Nikamwambia nashukuru, mzee. Kukumbukwa na mkuu wa idara si jambo dogo.

Jumanne, tarehe 11 Machi

Saa nne kamili. Wanafunzi wamekaa uwanjani kwa mistari, mwalimu mkuu kavaa suti. Zimamoto hawapo.

Nikakimbilia kituoni. Mkuu wa Zimamoto naye alikuwa ameshapigiwa simu ya pongezi, kwa hiyo alikuwa amevaa sare kamili na kofia ya chuma, lakini gari halitaki kuwaka. Alikuwa amelisihi, amelitukana, sasa wamenuniana. Aliponiona akasema ndio wewe uliyeandika kamili? Nikasema ndio. Akasema basi sukuma kamili.

Tulisukuma watu saba. Bahati kituo kiko juu ya shule. Kwenye mteremko likakohoa, likanguruma, likaondoka nasi tukilifuata mbio, dereva akipiga king'ora kwa kuwa breki alikuwa hana uhakika nazo. Liliingia getini likasimama lenyewe kwenye mchanga wa kurukia. Watoto wakashangilia, walidhani ndilo onyesho.

Kisha wakafungua maji. Mpira ulikuwa umekauka kwa kukaa, ukapasuka katikati, na pale katikati ndipo alipokuwa amesimama mwalimu mkuu. Watoto walicheka mpaka wengine wakalazwa kivulini. Mkurugenzi alikuwa amekuja kwa mguu kutazama. Akacheka naye. Akampa Mkuu wa Zimamoto mkono, akauliza kwa sauti karatasi ya wiki hii iliandaliwa na nani. Mama Masijala akanionyesha.

Mkurugenzi akaniambia, "Endelea hivyo hivyo."

Maneno matatu. Nimeyahesabu. Kola hajawahi kupata hata moja. Nilimpitia masijala nikamwambia akianza kutafuta kazi nyingine aseme, naweza kumwombea kwa shemeji. Akasema asante, ataangalia. Huyu mtu hata kutukanika hajui.

Jumatano, tarehe 12 Machi

Siku mbaya. Naandika kwa ufupi, maana vidole vina tope.

Asubuhi nilikwenda kilimani mwenyewe kujionea. Mzee Koleo na watu wake walikuwa nyuma ya geti la bluu. Mzee alikuwa amekunja uso. Akaniuliza kama nina hakika ni kuanzia hapa juu, maana yeye hakusema hivyo. Nikamwambia, mzee wangu, karatasi ina muhuri. Akautazama muhuri, akanitazama mimi, akawaambia vijana wake chimbeni, nchi ina wenyewe.

Wakachimba. Ukatoka uchafu wa miaka. Makandambili, chupa, mpira wa miguu, mdoli mmoja bila mkono. Tope likavuta pumzi, likashuka. Kola alitoka getini wakati huo, akaruka mara moja tu, akatua pakavu, akaenda zake kazini msafi. Nikaudhika. Nilidhani hiyo ndiyo hasara ya siku.

Kumbe mtaro ule unateremka. Na mitaro yote ya kilimani inateremka kwetu, kwa mafundi cherehani, ambako wavu wa chuma wa kunasa taka umeziba. Nilipofika nyumbani adhuhuri tope lilikuwa limetangulia. Uani kwa Shangazi limeingia mpaka kwenye mkeka. Juu ya mkeka zilikuwa sare za shule alizokuwa akizishona tangu mwezi uliopita, zimetandikwa kupimwa vifungo. Nyeupe. Zilikuwa nyeupe. Kanyagio la cherehani limejaa tope, halishuki halipandi.

Shangazi hakulia. Alikuwa anakusanya sare moja moja, anazikunja vizuri, kama vile zimekauka tu na anaziingiza ndani. Akaniuliza, mwanangu, nani kawaambia waanzie juu?

Nikasema hawa Manispaa, Shangazi, hawana mpangilio.

Akasema kesho atakwenda kuwauliza wenyewe.

Alhamisi, tarehe 13 Machi

Niliomba ruhusa ya kuumwa. Mama Masijala akanipima kwa macho akasema homa yangu inaweza kusubiri hadi Jumamosi.

Saa tatu wakaja. Akina mama wa mtaa wetu wote, mbele yao Shangazi na mfuko wa sare zenye tope. Mkononi ameshika karatasi yangu, kaibandua sokoni na pini zake. Mkurugenzi akawapokea amesimama. Hakuwa na namna. Asubuhi alipita ufukweni kuona Bustani walivyopaka mabenchi, akapendezwa, akakaa. Nyuma alikuwa na mistari sita ya kijani. Nilitaka kucheka, nikakumbuka niko wapi.

Shangazi akaongea taratibu. Alisema hawakuja kugombana. Wanataka kujua tu ni mtaalamu gani wa Manispaa aliyeamua mitaro ianzie juu, ili wamwonyeshe sare hizi na walimu wanaozingoja.

Mkurugenzi akamwita Mzee Koleo. Mzee akaja na koleo lake. Akasema yeye kazi hii kaifanya tangu ana nywele. Mitaro inazibuliwa kuanzia chini, kwenye mdomo wa baharini, unapanda mdogo mdogo mpaka kilimani. "Ukianza juu unamtumia wa chini uchafu wako bila barua." Hiyo ndiyo kawaida, akasema. Na kawaida ndiyo aliyosema aandikiwe.

Halafu Bwana Afya, ambaye hakuitwa, akasema na yeye alisema kama kawaida. Mkuu wa Zimamoto akakohoa, akasema hata yeye. Bwana Bustani akasema yeye pia, na kwamba nilikanyaga nyasi.

Kola alikuwa pembeni na karatasi ya wiki ijayo, ambayo alikuwa ametoka kuikusanya. Angeweza kusema neno moja akanimaliza. Alinyamaza. Hilo sitamsamehe.

Mkurugenzi akauliza ni nani basi aliyeandika. Chumba kizima kikanigeukia, isipokuwa Shangazi. Yeye bado alikuwa anatazama mlangoni, anamsubiri huyo mtaalamu aingie.

Nikasema ni mimi.

Shangazi akanigeukia. Jumamosi aliwaambia watu wa mtaa mzima yametoka kichwani mwangu, na mtaa mzima ulikuwa nyuma yake. Akaukunja mdomo wa ule mfuko. Akamwambia Mkurugenzi, "Huyu ni wa kwangu. Mkimaliza naye mnirudishie, nami nina kazi naye."

Ijumaa, tarehe 14 Machi

Nafasi ya kudumu kapewa Kola. Nimeiona karatasi yake iliyompatia. Mistari minne. Kama kawaida, kama kawaida, kama kawaida, kama kawaida. Mkurugenzi aliisoma akashusha pumzi kama mtu aliyevua viatu vinavyobana.

Mimi nilidhani ndio matairi. Lakini Mama Masijala kaniombea, na Mkurugenzi akasema kwa kuwa napenda sana mitaro, basi nipewe. Miezi mitatu chini ya Mzee Koleo, na Manispaa itamnunulia Shangazi kitambaa kingine cha sare. Kwa hiyo nimehamishiwa idara ya ufundi. Wengine wangeita kupanda. Nilipokuwa nakusanya vitu vyangu Mama Masijala akaliona faili kwenye kiti. Alivua miwani tu.

Nyumbani nimefua, nimefuta cherehani kwa mswaki, nimetia mafuta, kanyagio linashuka na kupanda. Shangazi anakata kitambaa upya. Ananisemesha, lakini kupitia kwa jirani. "Mwambie huyo asogeze taa."

Jumatatu, tarehe 17 Machi

Tope mpaka magotini. Tumeanzia chini, kwenye mdomo wa bahari, kama inavyotakiwa. Mzee Koleo anasema nashika koleo kama nashika kijiko cha uji. Hata hivyo tumefika robo ya njia, na mimi ndiye niliyemtoa pweza wa mpira, mwanasesere wa watoto aliyekuwa kaziba njia.

Jioni Shangazi kaniambia mwenyewe, bila jirani, ninawe miguu nje. Tunasogea.

Alhamisi, tarehe 20 Machi

Nimepata muda wa kufikiri. Chini ya mtaro hakuna wa kukusumbua, na nimelifikiria kosa langu wiki nzima, nimelichambua kama samaki, nimeutoa mwiba wenyewe. Kosa langu ni hili: niliwaandikia watu kazi. Mtu ukimwandikia kazi lazima akuchukie. Nani aliwahi kumchukia mtu kwa kumwandikia mapumziko?

Leo saa nane alikuja Kola na kalamu, kukusanya shughuli za wiki ijayo. Kasimama juu ukingoni, viatu vinang'aa. Mzee Koleo alikuwa mbali, anapima wavu wa mtaa wetu, ambao ndio tuliokuwa tunauendea na bado hatujaufikia. Kola akauliza amwite mzee? Nikamwambia ya nini kumsumbua mzee wa watu, mimi ni idara pia.

Akauliza, basi niandike kama kawaida? Nikamwambia hapana. Andika hivi: Mitaro yote ya mji imezibuliwa na iko safi. Wiki ijayo idara itapumzika.

Kola akanitazama. Halafu akatazama ule muhuri wa Manispaa kwenye kifua cha fulana yangu ya kazi. Yeye ni mtu wa kuandika alichoambiwa. Akaanza kuandika, neno kwa neno, mwandiko mzuri kama wa mwaliko wa harusi.

Alipofika kwenye "itapumzika" tone kubwa la mvua likamwangukia katikati ya karatasi. Likafuata jingine. Upande wa bahari kulikuwa kumefunga weusi mtupu. Nikavua kofia yangu nikamrushia aifunike karatasi, wino usije ukafutika.